Fahamu tahadhari ya makombora inavyotolewa Japani na mwananchi anavyotakiwa kufanya

Asubuhi ya Oktoba 4, 2022, wakazi wa mkoa wa Aomori na kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, walikuwa wakijiandaa kwenda kazini na shuleni pale simu zao zilipotoa mlio wa hatari na vipaza sauti vya mitaani vikaanza kutangaza. Ujumbe ulikuwa mfupi: Korea Kaskazini imerusha kombora, wananchi waingie ndani ya majengo au chini ya ardhi. Baadhi ya treni zilisimamishwa. Muda mfupi baadaye kombora hilo lilikuwa limekwisha kupita juu ya nchi na kuelekea Bahari ya Pasifiki.

Hakuna taarifa ya mtu aliyejeruhiwa wala mali iliyoharibiwa. Hata hivyo, tukio hilo, la kwanza la kombora la Korea Kaskazini kupita juu ya Japani tangu mwaka 2017, liliwaacha wananchi na maswali yenye uzito. Kwa nini kombora halikutunguliwa? Je, tahadhari ilitolewa kwa wakati? Na mtu wa kawaida anaweza kufanya nini katika dakika chache anazopewa?

Dakika zinazohesabika

Kwa mujibu wa taarifa za Serikali ya Japani, kombora hilo lilirushwa kutoka jimbo la Jagang takriban saa 1:22 asubuhi. Tahadhari ya kwanza, iliyowahusu wakazi wa Hokkaido, ilitolewa saa 1:27, na ya Aomori ikafuata saa 1:29. Kombora lilipita juu ya Aomori kati ya saa 1:28 na 1:29, kisha likaanguka baharini saa 1:44, takriban kilomita 3,200 mashariki mwa Japani, nje ya ukanda wake wa kiuchumi wa baharini. Kwa jumla lilisafiri takriban kilomita 4,600.

Mtiririko huo unaonesha ugumu wa kazi yenyewe. Kombora linaporushwa, joto la injini yake hutambuliwa na setilaiti, kisha rada za nchi kavu na za meli za kivita hufuatilia mwendo wake. Takwimu hizo hutumika kukadiria litakakopita au litakakoanguka. Ikionekana kuwa eneo la nchi linahusika, taarifa hupelekwa kupitia mfumo uitwao J-Alert, ulioanza kutumika mwaka 2007, ambao hutumia setilaiti kufikisha ujumbe kwa mamlaka za miji na vijiji, na kutoka hapo kwenye vipaza sauti na simu za wananchi. Mfumo huo huo ndio unaotumika kutangaza matetemeko ya ardhi na tsunami.

Hatua zote hizo zinapaswa kukamilika ndani ya dakika nne au tano. Kwa mkazi wa Aomori, tahadhari ya siku ile ilifika karibu sambamba na kombora lenyewe.

Jaribio na shambulio

Kuhusu swali la kutotunguliwa, Serikali ya Japani ilieleza kuwa haikuchukua hatua hiyo kwa sababu ilibaini kombora halikuwa na dalili ya kuanguka katika ardhi yake. Kombora hilo lilifikia kimo cha takriban kilomita 1,000. Kwa kulinganisha, Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu huzunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 400. Hivyo, kauli kwamba kombora “limepita juu ya Japani” haina maana kwamba lilipita karibu na mapaa ya nyumba. Hatari iliyopo katika jaribio la aina hiyo ni ya kombora kuharibika njiani, au vipande vinavyojitenga nalo kuangukia makazi ya watu, meli au ndege.

Majaribio mengi ya makombora ya masafa marefu zaidi ya Korea Kaskazini hayapiti juu ya nchi yoyote. Hurushwa karibu wima na kuanguka katika bahari iliyo kati ya Rasi ya Korea na Japani. Novemba 29, 2017, kombora la Hwasong-15 lilipanda takriban kilomita 4,475 lakini likaanguka umbali wa kilomita 950 tu kutoka liliporushwa. Oktoba 31, 2024, kombora la Hwasong-19 lilikaa angani kwa takriban dakika 86 na kupita kimo cha kilomita 7,000.

Umbali huo mfupi wa kuanguka haupaswi kumfanya mtu aamini kuwa uwezo wa kombora ni mdogo. Kombora linaloweza kupanda juu kiasi hicho, likirushwa kwa mwelekeo wa kawaida, linakadiriwa kuweza kusafiri zaidi ya kilomita 10,000, umbali unaofika bara la Marekani. Kombora la kutoka bara moja hadi jingine huhesabiwa kuwa ni lile linalovuka kilomita 5,500. Jambo ambalo majaribio ya wima hayathibitishi kikamilifu ni kama kichwa cha kombora kinaweza kuhimili joto na msukosuko wa kurudi katika angahewa kikiwa katika safari halisi ya masafa hayo.

Mabadiliko mengine yanayoongeza wasiwasi ni matumizi ya mafuta yabisi, yaliyoonekana katika jaribio la Hwasong-18 Aprili 13, 2023. Kombora la mafuta ya maji huhitaji maandalizi ambayo setilaiti zinaweza kuyaona. Lenye mafuta yabisi huhifadhiwa likiwa tayari, na hivyo muda wa kuligundua kabla halijarushwa hupungua.

Korea Kaskazini husema silaha hizo ni za kujilinda dhidi ya kile inachokiita tishio la Marekani na mazoezi ya kijeshi inayoyafanya pamoja na Korea Kusini. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, kupitia maazimio kadhaa likiwemo namba 1718 la mwaka 2006 na namba 1874 la mwaka 2009, limeitaka nchi hiyo kuacha majaribio hayo. Hata hivyo, Mei 2022 Urusi na China zilipiga kura ya turufu kuzuia vikwazo vipya.

Tahadhari inapokosea

Kasi ina gharama yake. Siku ile ya Oktoba 4, tahadhari ilifika kimakosa hata katika visiwa vilivyo chini ya Tokyo ambavyo havikuhusika. Novemba 3 mwaka huo huo, wakazi wa mikoa ya Miyagi, Yamagata na Niigata walitangaziwa kuwa kombora limepita juu ya nchi. Baadaye Serikali ilisahihisha kwamba halikupita. Aprili 13, 2023, wakazi wa Hokkaido walitakiwa kujificha mara moja, kisha baada ya takriban dakika 20 wakaelezwa kuwa hakuna tena uwezekano wa kombora kuanguka huko.

Katika jimbo la Hawaii nchini Marekani, Januari 13, 2018, ujumbe wa kombora ulitumwa kwa makosa ya mtumishi, na masahihisho yalichukua dakika 38 kufika kwenye simu za wananchi. Kwa muda wote huo familia ziliamini kuwa ziko katika dakika zao za mwisho.

Matukio hayo yanafundisha mambo mawili. Mamlaka inayosubiri hadi iwe na uhakika kamili itatangaza wakati kombora limekwisha kuanguka. Nayo mamlaka inayotangaza mapema isiposahihisha kosa lake haraka na kwa uwazi, itafika siku ambayo mlio wa hatari utasikika na hakuna atakayenyanyuka. Tahadhari kabla ya hatari ina maana pale tu wananchi wanapoendelea kuiamini.

Wajibu wa mwananchi

Maelekezo ya Serikali ya Japani ni mafupi ili yakumbukwe. Aliye nje aingie katika jengo imara lililo karibu au chini ya ardhi. Asiyeona jengo ajifiche nyuma ya kitu kigumu, au alale kifudifudi na kukinga kichwa. Aliye ndani akae mbali na madirisha. Anayekuta kipande kinachodhaniwa kuwa cha kombora asikisogelee, bali atoe taarifa polisi au kwa kikosi cha zimamoto.

Maelekezo hayo yanawahusu pia wageni, wakiwemo wanafunzi na wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki waliopo nchini humo. Kwa ndugu walio nyumbani wanaopokea picha za ving'ora kupitia simu, ni muhimu kusubiri taarifa ya pili, kwa kuwa ya kwanza humtaka mtu ajikinge, na inayofuata ndiyo hueleza kombora limeangukia wapi na kama hatari imekwisha.