Utalii uje, lakini wenye ardhi waulizwe kwanza

Wengi wanatumaini kwamba amani ikirudi, utalii utaleta kazi Uvira na pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Hatupingi tumaini hilo. Tuna ziwa lenye samaki wasiopatikana popote pengine duniani. Tuna mahali mto Ruzizi unapoingia ziwani, ambapo Livingstone na Stanley walifika mwaka 1871. Na juu yetu kuna milima ya Itombwe yenye gorila. Lakini wenyeji wa misitu, hasa ndugu zetu Batwa, wana swali la kwanza: je, tutabaki kwenye ardhi yetu?

Wana sababu ya kuuliza. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, karibu na Bukavu, ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Miaka hiyo Batwa waliondolewa msituni bila kuulizwa wala kulipwa. Watalii walikuja kuona gorila, na wenye msitu wakabaki maskini kando yake. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba serikali inapaswa kuwarudishia ardhi na kuwalipa fidia.

Utalii wa utamaduni nao una mtego wake. Nchini Uganda, Batwa waliondolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga mwaka 1991. Leo baadhi yao huwaongoza wageni ndani ya Mgahinga, wakiwaonyesha maisha ambayo wao wenyewe hawaruhusiwi tena kuyaishi. Wanapata fedha kidogo, lakini msitu si wao.

Itombwe ilipita njia nyingine. Mwaka 2006 ilitangazwa kuwa hifadhi bila wakaaji kushauriwa. Wakaaji walipinga, kisha wakashiriki kuchora ramani na kujadili mipaka, kijiji kwa kijiji, hata mipaka mipya ikawekwa mwaka 2016. Na tangu tarehe 15 Julai 2022 nchi yetu ina sheria inayolinda haki za Batwa, pamoja na haki yao juu ya ardhi wanayoikaa na kuitumia.

Sisi Wakristo tunaijua habari ya Nabothi katika 1 Wafalme 21. Mfalme alimwahidi bei nzuri, hata shamba lililo bora zaidi, lakini urithi wa baba zake haukuwa wa kuuzwa. Kosa la Ahabu halikuwa kuuliza. Lilikuwa kutokubali jibu.

Kwa hiyo, mradi wa utalii ukifika kijijini, makanisa yetu yasaidie mambo haya. Sheria isomwe na kuelezwa kwa lugha ya watu. Batwa wenyewe waketi mkutanoni, si kusemewa na wengine. Mapatano yaandikwe: ardhi ni ya nani, wageni watalipa nini, nani atashika sanduku, na nani atalikagua. Na kama wenyeji watasema hapana, hapana yao iheshimiwe.