Kukijua Kipimo Kabla ya Kupima: Fundisho la Radiometa kwa Mwalimu wa Sayansi

Tunapowatembelea wanachuo katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi tunaona kipimajoto kikitumiwa kama mzee ambaye neno lake halipingwi. Mwanafunzi husoma namba, mwalimu huiandika ubaoni, na somo huendelea. Hakuna anayeuliza: kipimo hiki chenyewe kimepimwa kwa nini? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo ndilo kiini cha somo la upimaji. Tutaanza mbali kidogo, katika maabara za wataalamu wa redio, kisha tutarejea darasani.

Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi. Mwaka 1928 J. B. Johnson alitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba joto hutikisa chembe za umeme ndani ya kitu kinachopitisha umeme, na kuleta umeme mdogo usio na mpangilio. Mwaka huohuo H. Nyquist alieleza kanuni yake: nguvu ya mtikisiko huo huongezeka kwa kadiri halijoto inavyoongezeka. Wataalamu huuita kelele ya joto, ingawa sikio haliisikii. Chombo cha kuipima, hasa katika mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimeta chache yaitwayo maikrowevu, ni radiometa.

Kelele hiyo ni dhaifu mno, hivyo radiometa hulazimika kuikuza. Lakini chombo nacho kina joto, nacho huongeza kelele yake. Basi mshale unaposimama, hatujui mambo mawili: chombo kimekuza mara ngapi, na kimeongeza kiasi gani. Mambo mawili yasiyojulikana hayafumbuliwi kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo wataalamu hutumia vyanzo viwili vya kelele ambavyo halijoto yake inajulikana, kimoja cha baridi na kingine cha joto.

Tuchukue mfano. Chanzo cha baridi kimepozwa kwa kimiminika cha nitrojeni, kinachochemka kwenye kelvini 77. Mshale unaonyesha 20. Chanzo cha pili kina halijoto ya chumba, kelvini 297. Mshale unaonyesha 64. Tofauti ya hatua 44 ni sawa na kelvini 220, yaani kelvini 5 kwa kila hatua. Sasa tukiunganisha chanzo tusichokijua, na mshale ukasimama kwenye 50, hatua 30 juu ya kile cha baridi, halijoto yake ni 77 na 150, yaani kelvini 227. Huko ndiko kusawazisha kipimo.

Ipo hatari nyingine: ukuzaji wa chombo hubadilika kadiri muda unavyopita. Mwaka 1946 Robert Dicke wa Marekani alieleza njia ya kuishinda. Radiometa yake ilibadilisha upesi upesi, mara ikipima kitu kinachochunguzwa, mara kitu kinachojulikana. Chombo kikiyumba, huyumba kwa vyote viwili, na tofauti kati yao hubaki ya kuaminika.

Faida ya uangalifu huu ilidhihirika huko Holmdel, New Jersey. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson walikuta antena yao ikipokea kelele ya ziada ya kelvini 3.5 hivi kutoka kila upande wa anga. Waliwaondoa njiwa waliokuwa wameweka kiota ndani yake na kusafisha kinyesi chao, kelele ikabaki. Wangeweza kukilaumu chombo na kuacha. Lakini walikuwa wamekilinganisha na chanzo kilichopozwa kwa kimiminika cha heliamu, kinachochemka karibu na kelvini 4, hivyo hawakuwa na sababu ya kukishuku. Kelele ile ilikuwa mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Sasa turejee darasani. Zana ni kipimajoto cha spiriti kinachofikia nyuzi 110, karatasi ya kufunika namba zake, barafu na sufuria ya maji. Hatua ni hizi:

1. Wanafunzi watumbukize kipimajoto katika barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, waweke alama ya 0.
2. Mwalimu mwenyewe akitumbukize katika maji yanayochemka, aweke alama ya pili.
3. Wanafunzi wagawanye nafasi iliyopo kati ya alama hizo, kisha wapime maji ya vuguvugu.
4. Wafunue namba za asili na kulinganisha.

Mwalimu ajihadhari na alama ya pili. Mbeya, iliyo kwenye mwinuko wa meta 1,700 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 94. Akiandika 100, maji ya nyuzi 47 yatasomeka 50, na darasa zima litakosea kwa pamoja bila kujua. Kipimo hakiwezi kuwa sahihi kuliko kile kilichosawazishiwa.

Tusidhani kwamba haya ni ya maabara tu. Mtoto huyu kesho atasimama mbele ya mizani, akiuza pamba au kahawa ya nyumbani kwao. Tukimfundisha kusoma namba tu, ataipokea namba yoyote atakayoonyeshwa. Tukimfundisha kuomba jiwe la uzito unaojulikana liwekwe kwanza, tutakuwa tumemfundisha sayansi.