Julie Mehretu na Turubai za Ukubwa wa Ukuta

Julie Mehretu alizaliwa Addis Ababa, Ethiopia, mwaka 1970. Mwaka 1977, enzi ya Derg, utawala wa kijeshi wa Ethiopia, familia yake ilihamia Marekani. Sanaa yake ni dhahania: mtazamaji hatakuta humo mtu, ngamia wala mlima wa kuutambua mara moja. Kazi zake za mwanzo, za miaka ya 1990, zilikuwa alama ndogondogo za wino zilizotapakaa kama ramani ya watu wanaohama.

Alama zilipoongezeka, turubai nayo ikapanuka. Kuijaza bila kuivuruga kulihitaji ufundi. Katika kazi hizo Mehretu alichora ramani za majengo kwa mistari myembamba, akafunika mchoro kwa utando wa akriliki unaopitisha mwanga, akausugua kwa msasa ulipokauka, kisha akachora upya juu yake. Mchoro wa chini haupotei; huonekana kama changarawe ndani ya maji ya kisima. Aliyezoea herio, nyumba za wafugaji wa pande za Tarbaj, kaskazini-mashariki mwa Kenya, ambako wanawake hutandika mkeka juu ya mkeka kwenye fito zilizopindwa, ataelewa upesi jinsi vitu vyembamba vinavyogeuka kuwa kitu kizito. Ila mkeka hukwaruza kiganja. Uso wa turubai hizi ni laini, na msongamano wake ni wa macho tu.

Mwaka 2009 alikamilisha “Mural”, yenye upana wa takriban mita 24 na kimo cha mita 7, kwa ajili ya jengo la Goldman Sachs jijini New York. Ikafuata “Mogamma” mwaka 2012, turubai nne zenye jina la jengo lililokuwa la ofisi za serikali katika Uwanja wa Tahrir, Cairo. Humo mistari ya majengo imezidi hadi inafutana, na rangi ya kijivu inaanza kutawala.

Kwa “HOWL, eon (I, II)” ya 2017, majengo yaliondoka. Chini ya rangi ziliwekwa picha za ghasia na za mandhari ya magharibi ya Marekani, zikiwa zimefifishwa. Kila turubai ina takriban mita 8 kwa 10, kwa hiyo alizichora ndani ya kanisa lisilotumika tena huko Harlem.

Kwenye simu, picha hizi huonekana kama moshi. Afadhali kuvuta karibu kona moja kwanza, kisha ndipo kutazama picha nzima.