Kabla ya kununua spika, chora mipaka yake

Anayetaka kujiundia boksi la muziki la njia tatu, yaani lenye wufa ya besi, spika ya sauti za kati na twita, mara nyingi huingia dukani na swali moja tu: ina wati ngapi? Muuzaji hana hiyana. Atamwonyesha stika yenye 500, 800, hata 1000. Tarakimu hizo hazisemi boksi litaliaje. Wati ni kiasi cha umeme ambacho spika inaweza kuhimili bila kuungua, na kwenye bidhaa za bei ya chini hata hicho mara nyingi ni cha kubuni. Tena ukiongeza nguvu ya amplifaya maradufu unapata desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio huitambua bila kushtuka. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ikipimwa mita moja mbele yake, ukiipa wati 25 italia sawa na yenye desibeli 84 iliyopewa wati 100. Mwenye spika ya pili amelipia amplifaya kubwa bure.

Mimi ningeanzia kwenye mipaka. Boksi la njia tatu lina mipaka miwili: wa chini, pale wufa inapoikabidhi spika ya kati, na wa juu, pale spika ya kati inapoikabidhi twita. Mgawanyo huo hufanywa na krosova. Kwa boksi la sebuleni lisilo la gharama kubwa, mpaka wa chini hukaa vizuri karibu na Hz 400 na wa juu karibu na Hz 3000. Andika tarakimu hizo mbili kwenye karatasi kwanza. Spika nyingi za dukani zitajiondoa zenyewe, na zitakazobaki ndizo za kujadiliwa bei.

Kwa nini tuhangaike na njia tatu wakati mbili zinatosha watu wengi? Sauti husafiri hewani kwa mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo wimbi la Hz 2000 lina urefu wa sentimita 17. Huo ni takriban upana wa koni ya wufa ya inchi 8 ukiiondoa fremu. Wimbi likishakuwa fupi kiasi hicho, koni haitawanyi tena sauti chumba kizima, bali huielekeza mbele kama tochi. Aliyekaa katikati ya kochi anafaidi, aliye pembeni anapata muziki uliofifia. Boksi la njia mbili lenye wufa kubwa hukwama hapo: ama wufa ipandishwe isikoweza, ama twita ishushwe itakakoungulia.

Spika ya kati huziba pengo hilo, na hapo ndipo pesa inapostahili kwenda. Sikiliza taarabu ya Unguja: mwimbaji, fidla, udi, kanuni. Sehemu kubwa ya kinachokufanya umtambue mwimbaji na kushika maneno yake imo kati ya Hz 300 na 3000. Besi ikipungua kidogo, msikilizaji husamehe. Sauti ya mtu ikitokea puani, hasamehi. Hata hivyo wajenzi wengi humaliza bajeti kwenye wufa, kwa sababu ndiyo inayoonekana, kisha hutafuta cha kujazia tundu la katikati.

Tafuta ya inchi 4 au 5. Mvumo wake wa asili, ule unaoandikwa Fs kwenye karatasi ya vipimo, usizidi nusu ya mpaka wa chini, yaani uwe Hz 200 au pungufu. Halafu angalia mchoro wa mwitikio kuanzia Hz 200 hadi 6000, oktavu moja nje ya mpaka kila upande, kwa sababu krosova haikati sauti kwa kisu, huipunguza taratibu. Mstari uwe mtulivu katika eneo lote hilo. Koni za alumini hung'aa dukani, lakini nyingi zina mlipuko wa mlio mkali juu ya mpaka, na kuuzima kunadai vipuri vya ziada. Koni ya karatasi haina umbo la kujivunia mbele ya wageni. Kwa mjenzi wa mara ya kwanza mimi nachagua karatasi.

Pima pia fremu. Wimbi la Hz 3000 lina sentimita 11.4, na ni vizuri umbali kutoka kitovu cha spika ya kati hadi kitovu cha twita usizidi hapo, la sivyo sauti itabadilika kila msikilizaji anapoinuka au kukaa. Spika yenye fremu ya sentimita 13 na twita yenye bamba la sentimita 10.4, zikigusana, vitovu vyake viko sentimita 11.7 mbali: umevuka kidogo. Ukichukua spika ya inchi 4, au twita ya bamba dogo, tatizo limekwisha kabla ya kushika msumeno.

Twita ndiyo rahisi. Kwa mpaka wa Hz 3000, twita ya kawaida ya kuba la kitambaa la milimita 25 yenye Fs ya Hz 1000 hivi inafanya kazi bila kujikaza, na za bei nafuu zinazofaa zipo. Zile za piezo, zinazofungwa kwenye maboksi ya kumbi na mikutano kwa sababu hazidai krosova, ziache huko huko.

Turudi kwenye wufa, maana hapa karatasi ya vipimo inaokoa pesa nyingi. Mwaka 1961 mhandisi wa Australia, Neville Thiele, alichapisha hesabu za kubashiri besi ya boksi kabla halijajengwa, na miaka ya 1970 Richard Small, aliyefanya utafiti wake Chuo Kikuu cha Sydney, akaziendeleza. Leo wufa yoyote ya kuaminika huja na vipimo vyao: Fs, Qts (jinsi mvumo huo wa asili unavyodhibitiwa) na Vas (ujazo wa hewa wenye ulegevu sawa na wa koni). Chukua wufa mbili, zote zina Fs ya Hz 30 na Vas ya lita 60. Moja ina Qts ya 0.4, nyingine 0.6. Kwa boksi lililofungwa lenye besi iliyotulia, ya kwanza inataka lita 28 na mvumo wa boksi utakuwa karibu na Hz 53. Ya pili ingeshuka hadi Hz 35, lakini inadai lita 155, na bei ya mbao za kutosha kulijenga boksi hilo inaweza kuzidi ya wufa yenyewe. Kwa nje wufa hizo zinaweza kufanana kabisa. Muuzaji asiye na karatasi ya vipimo anakuuzia bahati nasibu.

Ukubwa nao una sababu yake. Ili spika itoe besi kwa sauti ile ile, kila unaposhuka oktavu moja koni hutakiwa kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi. Ndiyo maana wufa ya inchi 5 haitakupa ngoma ya Bongo Fleva hata ukiisukuma vipi. Inchi 8 inatosha sebule ya kawaida, na inchi 10 ni anasa nzuri.

Sasa linganisha ukali wa spika zote tatu za boksi, yaani desibeli zake kwa wati moja. Rezista inaweza kuipunguza twita au spika ya kati. Hakuna rezista inayoweza kuipandisha wufa, kwa hiyo wufa ndiyo inayoweka kiwango cha boksi zima. Na wufa ina hasara isiyotajwa kwenye stika: sauti za chini huzunguka boksi na kwenda nyuma, hivyo mbele hupungua hadi desibeli 6. Kwa boksi lenye upana wa sentimita 25 upungufu huo huonekana ukishuka chini ya Hz 450 hivi, jirani kabisa na mpaka wetu wa chini. Hii ni faida tamu ya njia tatu. Badala ya kuongeza vipuri vya kusahihisha, unaishusha spika ya kati ikutane na wufa. Wufa ya desibeli 90 chumbani itabaki na 85 au 86, kwa hiyo spika ya kati ya 87 na twita ya 90 zinatosha. Soma kipimo kwa makini tu: baadhi ya viwanda hupima kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 8 hiyo ni wati moja, lakini kwa ya omu 4 ni wati mbili, na desibeli 3 za bure zimeshaingia kwenye tangazo.

Gharama inayowashangaza wengi ni krosova yenyewe. Kwa mteremko wa desibeli 12 kwa oktavu, aina waliyoielezea Siegfried Linkwitz na mwenzake Russ Riley, koili ya wufa ya omu 8 kwenye Hz 400 inafika milihenri 6.4, wakati ya mpaka wa Hz 3000 ni 0.85 tu. Kapasita inayotangulia spika ya kati ni maikrofaradi 25. Ya twita ni 3.3. Hizo ni hesabu za kuanzia, spika halisi hudai marekebisho. Koili kubwa ni shaba nyingi, hivyo ile yenye kiini cha chuma hukubalika kwa wufa, na fundi wa kuwaindi mota anaweza kukusukia ukimpa waya na mita ya kupimia. Mpaka ukishuka hadi Hz 200, koili inakuwa maradufu. Na kwa mteremko huu spika ya kati hufungwa chanya kwa hasi, kinyume na wenzake wawili. Ijengee pia chumba chake kilichozibwa ndani ya boksi, lita 3 hadi 5, ili hewa inayosukumwa na wufa isiitikise.

Anayekimbilia wufa za mtumba atazame ukingo wa koni. Sponji huoza kwa miaka, na joto na unyevu wa pwani huiharakisha. Mpira hudumu zaidi. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, isogee bila mkwaruzo wowote. Kisha weka mita kwenye vituo vyake: ya omu 8 kwa kawaida husoma kati ya 5.5 na 7. Pima na ya pili pia, kwa sababu jozi ambayo moja inasoma 6 na nyingine 3.5 si jozi, hata kama fremu na sumaku zake zimefanana.