Utafiti si Anasa

Kila zinapotajwa fedha za Serikali kwa ajili ya utafiti, husikika sauti iulizayo: Je, yafaa shilingi itumike kumlipa mtaalamu atazame nzi kwa darubini, hali zahanati yahitaji dawa na barabara yahitaji changarawe? Swali hili si la kudharauliwa, maana aliulizaye ndiye mlipa kodi. Twapenda kumjibu kwa chakula kilichomo chunguni mwake, yaani muhogo.

Kutoka Musoma hata Bunda na Butiama, muhogo ndio ngao ya nyumba mvua zikosapo. Basi na ijulikane kwamba katika miaka ya 1930, pale Amani katika milima ya Usambara, mtaalamu H. H. Storey na wenzake walichunguza mambo ambayo siku zile hayakumshibisha mtu. Mwaka 1936 Storey alieleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mwaka 1938 ilielezwa kwamba batobato huenezwa na nzi weupe. Wakauchanganya muhogo na jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceará, ili wapate mbegu yenye kinga. Kazi hiyo ilidumu miaka ipatayo ishirini.

Katika miaka ya 1950 kazi ya Amani ikasimama. Bahati njema, mwaka 1956 baadhi ya mbegu zake zilipelekwa Nigeria, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa taasisi ya IITA, mjini Ibadan, wakaziendeleza. Batobato kali ilipoizukia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha ikavuka mpaka na kuenea kandokando ya Ziwa, mihogo yenye asili ya Amani ilikuwa miongoni mwa silaha za kupigana nayo. Mtoto aliyezaliwa kwetu alirudi nyumbani kama mgeni.

Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza, elimu isiyo na faida leo yaweza kuwa chakula cha wajukuu. La pili, anayekatiza utafiti hujiandalia kwenda kuomba kwa jirani kile alichokipanda mwenyewe.

Nchi yetu haikukosa kulitambua jambo hili. Baraza la utafiti, UTAFITI, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1968, na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, kwa sheria ya mwaka 1986. Mwaka 2006, huko Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itumie kwa utafiti asilimia 1 ya pato lake. Takwimu za UNESCO za mwaka 2013 zilionyesha kwamba Tanzania ilikuwa imefika karibu nusu tu ya njia hiyo.

Sasa Butiama ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere. Majengo yake yamo katika mradi wa vyuo vikuu ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 425 mwaka 2021 kwa nchi nzima. Twayafurahia majengo hayo. Lakini jengo si utafiti. Mkopo una mwisho wake, na maradhi ya mihogo hayana. Michirizi ya kahawia, iliyodhaniwa zamani kuwa ni ya pwani tu, imekwisha kuingia Kanda ya Ziwa. Kadhalika mashine za kuchambua pamba Bunda zahitaji wahandisi wawezao kubuni, wala si kutengeneza tu kilichobuniwa na wengine.

Kwa hiyo twasema: Butiama ipewe fungu la utafiti katika bajeti ya Taifa kila mwaka, dogo likiwa dogo, mradi lisikatike. Na ninyi, ndugu wakulima na wafanyakazi, mbunge ajapo kuwaeleza habari za bajeti, muulizeni barabara na dawa, kisha muulizeni na fungu hilo. Mlipa kodi anayo haki ya kuuliza, na mwenye njaa ya kesho anao wajibu.