Pad ya Pili Ni Yako

Skiza buda, tuelewane mapema. Kama hujawahi puliza kaseti ya game mpaka lips zikauke, hii neno "retro" umeiokota tu IG. Sisi tulikuwa nayo ikiitwa TV game. Haikuwa vintage. Ilikuwa Jumamosi.

Juzi nimeingia joint fulani Westi. Neon kila kona, viti za ngozi, na huko juu kwa shelf TV ya mgongo imekaliwa na maua. Entry soo tano. Nikauliza kama hiyo TV inawaka. Dem wa counter akaniambia ni ya decor. Decor, maze! Soo tano ucheki TV imezimwa. Hiyo shosh hunipea bure kila stima ikipotea, na chai juu.

Na usinianzie story ya luku. Tishati ya Mario, mtumba, Gikomba unaikomboa na soo ukiwahi asubuhi. Hiyo hiyo ikipigwa pasi na kupigwa picha kwa ukuta ya matofali, imefika ngiri mbili. Msee anaivaa, unamuuliza stage ya maji inapitwaje, anaanza kucheki simu. Hapo amejichoma picha mwenyewe, mi sijaongeza kitu.

Wacha nikupeleke kwetu. TV ya Great Wall ya inchi 14, kitambaa ya crochet juu, na chini yake PolyStation. Soma tena. Poly. Kwa macho ni PlayStation kabisa: grey, kifuniko ya mviringo, button mbili. Unabonyeza, kifuniko inaruka, unategemea CD. Unapata shimo ya kaseti! Mwili ni ya Sony ya 1994, roho ni ya Famicom, ile mashine Nintendo walitoa Japan 1983. Kuna beshte alinicheka siku aliiona mpaka akakaa chini. Saa kumi na mbili jioni alikuwa bado amekaa chini, kwetu, anaomba pad.

Kaseti ilikuwa imeandikwa 9999999 in 1. Game zenyewe hazikuwa zinafika kumi. Hizo zingine zote ni Mario ameanzia stage ya mbele, ama Contra imepewa jina ya ujanja. Na hatukuboeka hata siku moja.

Ikigoma, unachomoa, unapuliza, unarudisha, inashika. Kumbe pumzi haikuwa inafanya kitu. Kazi ilikuwa kule kuchomoa na kurudisha, ndio pin zikae poa. Hewa ya mdomo ilikuwa inazipelekea unyevu, na unyevu unaleta kutu. Nintendo wenyewe walikuwa wanakataza watu kupuliza. Hiyo memo haikufika mtaani.

Fathe naye alikuwa na sayansi yake. "Zimeni hiyo kitu, TV itaungua!" Kila siku. News ya saa moja haichomi TV. Vioja Mahakamani haichomi TV. Mario peke yake ndio alikuwa anatembea na petroli. Nikimuuliza nani ameona TV imeungua, ni mtu wa ofisini kwao. Nikiuliza mathe, ni mtu wa chama. Hao watu wawili wa TV kuungua hatujawahi waona mpaka leo.

Sasa cheki hii, ndio ujue kwa nini hiyo shelf ya Westi iliniuma. Unakumbuka bunduki ya Duck Hunt? Haipigi kitu. Inaona. Ukivuta trigger, screen nzima inageuka nyeusi kidogo tu, halafu mahali bata ako panatokea kisanduku nyeupe. Kwa ncha ya bunduki kuna jicho. Likipata hiyo mwanga saa ile ile, bata amedondoka. Sasa hiyo timing ilipimwa na TV ya mgongo. Fathe aliponunua flat screen, Great Wall ikatupwa store, mi nikachomeka bunduki kwa flat. Nikapiga, nikapiga, nikasimama futi moja kutoka kwa kioo nikapiga. Bata wote wakaenda zao na mbwa akatokea kwa nyasi akanicheka. Flat inachelewesha picha kiasi, na hiyo kiasi imeua game. Nikarudisha Great Wall kutoka store siku hiyo hiyo. So ukiniambia hiyo TV ni pambo, unaniambia nusu ya game ni pambo.

Contra sasa. Juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A, start. Maisha 30. Hiyo code tuliishika kabla ya times table ya saba. Aliyeitunga ni msee wa Konami, Kazuhisa Hashimoto. Alikuwa anaileta Gradius kwa Famicom, 1986, game ikamlemea kuitest, akajiwekea njia ya panya na ikabaki ndani. Alituacha 2020. Maisha 30 alizotupea tulizitumia zote, na hakuna moja ilipotea bure.

Halafu base ya PS ikafunguliwa nyuma ya kinyozi. Mabati, benchi moja, kopo ya Kimbo ya kuweka doo. Ashu kwa mechi, anayenyolewa ndio analipa. Hapo ndio nilijifunza adabu yote niko nayo. Tekken 3, ukichagua Eddy Gordo watu wote wanapiga kelele, juu Eddy unakanyaga button zote na bado anacheza capoeira safi. PES 6, Adriano wa Inter, shot power 99, anapiga kutoka katikati ya field na goalkeeper anahesabu hasara. San Andreas, cheat zimejazwa nyuma ya kitabu ya Hesabu. Odijo akaiona, akadhani ni algebra, akaweka tick. Na kabro kangu? Tulikapea pad haijachomekwa. Kalicheza hivyo term nzima na kalikuwa kanasema kameshinda.

Leo game moja mpya ya PS5 inaenda dola 70. Piga hesabu na bob za huku, hiyo ni karibu ngiri tisa. Smokie za 30, ni 300. Na unalipa hiyo yote ucheze solo, headphone kwa masikio, ukitukanwa na mtoto wa Marekani.

Ndio maana siku hizi niko kwa dice. Usicheke bado. Dungeons & Dragons, Gary Gygax na Dave Arneson, 1974, hakuna screen, hakuna stima. Mmoja anapiga risto, wengine ni watu ndani ya risto, na dice ya pande 20 inaamua. Rules za kuanzia ni za bure online, tulizi-print kwa cyber. Dice hatukuwa nayo, tukaandika namba 20 kwa karatasi tukatia kwa kikombe. Mi nilikuwa konda. Ndio, konda, na njumu safi. Dragon amelala juu ya dhahabu, wenzangu wametoa visu, mi nikamwambia asonge kidogo, hiyo kiti ni ya watu watano. Nikatoa karatasi. Ishirini! Dragon akasonga. Keja nzima ilisimama, jirani akagonga ukuta.

Mathe akasema tumeingia dini. Mathe, hii ni kalongo. Ile ya ugali ya mchanga na sukuma ya majani ya ua, tumeongezea tu dragon.

So Jumapili, saa nane, usipange kitu. Great Wall iko, inawaka, na haijaungua. Smokie ni juu yako. Pad ya pili ni yako, na imechomekwa.