Hondohondo Hahesabu Miche

Mvua zikianza, Bukoba na Muleba hupandwa miti shuleni, makanisani na kando ya barabara. Taarifa hutaja idadi ya miche. Kwa ndege, idadi hiyo haina maana kabla hujasema ni miche ya mti gani. Mikaratusi na misonobari iliyopandwa kwenye rweya, nyika ya majani inayozunguka vijiji, inatupatia nguzo, mbao na kuni, na hilo si dogo. Lakini ndege anayeishi kwa matunda hapati kitu humo.

Miti miwili ya kienyeji huwalisha ndege hao. Wa kwanza ni omutoma, jamii ya mtini, ambao magome yake Wahaya waliyafua kuwa vazi la lubugo. Mitini ya mwituni haizai yote kwa msimu mmoja. Huu ukimaliza, mwingine unaanza. Kwa hiyo ninga, kulukulu na hondohondo hupata chakula hata miti mingine ikiwa mitupu.

Wa pili ni omuhumula, mti wa msituni. Hondohondo hulimeza tunda lake zima, akaruka, kisha akaitapika kokwa mbali na mti mzazi. Hapo amepanda mti bila kitalu wala bajeti. Lakini ukiuhamisha mti huo, mambo hugeuka. Ulipelekwa Amani, Usambara Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20. Hondohondo wa kule wakausambaza vilevile, nao ukavamia msitu, hasa palipokatwa mbao. Mti uleule ni mwenyeji Bukoba na mvamizi Amani. Ndiyo maana inafaa mbegu za kurudishia uoto wa asili zitafutwe jirani.

Omutoma hauhitaji hata mbegu. Kata tawi nene lililokomaa, refu kama mtu, ulichimbie mvua zinapoanza, ulikinge na mbuzi. Litachipua. Mahali pake ni mpakani mwa kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa la nyumbani, au ndani yake, ambako kivuli chake chepesi kinaifaa kahawa na majani yake yanaoza kuwa mbolea kwenye migomba.

Chakula peke yake hakitoshi. Hondohondo hutaga ndani ya pango la mti mkubwa. Jike huingia, mlango ukazibwa kwa tope na kubakizwa ufa tu, na dume humlisha kupitia ufa huo mpaka makinda yakue. Pango la namna hiyo halipatikani katika mche wa miaka mitano. Anayekata mti mzee na kupanda miche mia mahali pake amewaacha ndege bila nyumba kwa miongo kadhaa.

Lakini vibanja navyo havimfai kila ndege. Msitu wa Minziro, wilayani Missenyi, una ndege wa misitu ya Kongo wasiopatikana kwingineko Tanzania. Wengi wao hukaa kwenye kivuli kizito na hawatahamia kwenye migomba hata tupande vipi. Kwao dawa ni kuulinda msitu wenyewe. Vibanja vinawafaa wale wanaothubutu kuruka mahali pa wazi.

Kwa hiyo mikaratusi ibaki rweya, mbali na chemchemi, itupe kuni ili miti ya asili isiguswe. Mvua zijazo, kila kaya ichimbie tawi moja la omutoma, na mti mzee wenye pango uachwe usimame.